Tutafute Chanzo, Tusitafute Mkosaji

Tafakari ya Juma
Somo: Yohana 9:1–7



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu hakulifuata swali hilo. Alifanya tope kwa mate, akampaka machoni, akamtuma akanawe Siloamu.

Swali la wanafunzi bado tunalo majumbani. Mama anayechoma insulini anapima sukari asubuhi, mashine inasoma 17. Hata hajaiweka mezani, mwanawe ameshauliza: "Kwani jana ulikula nini?" Jirani naye anadakia: "Si zile chapati za msibani!" Mama anainama kimya. Kesho yake atapima kwa kujificha, na baada ya muda ataacha kabisa kupima.

Chakula kina sehemu yake, lakini si chanzo pekee. Kwanza mama anawe mikono kwa sabuni, aikaushe, apime tena. Aliyemenya embe bila kunawa huenda mashine imesoma utamu wa embe. Dozi ya jana ilichomwa? Kichupa kilikaa wapi? Insulini iliyopigwa na jua dirishani huharibika, na iliyoganda kwenye friji haifai tena hata ikiyeyuka. Kichupa kikishafunguliwa, aina nyingi hudumu wiki nne hivi, hata kama dawa imebaki. Ile yenye rangi ya maziwa huviringishwa taratibu viganjani mpaka ichanganyike. Kisha apapase tumbo na mapaja. Mahali palipochomwa mara kwa mara hufanya uvimbe chini ya ngozi, na dawa ikichomwa hapo huingia mwilini kwa kusuasua. Ahamie penye ngozi nzuri, ila amwambie muuguzi, maana dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Tena kuna maradhi. Malaria, jino bovu au maambukizi ya njia ya mkojo hupandisha sukari hata kwa mtu asiyeweza kula. Kwa hiyo asiache insulini kwa sababu tu hajala. Apige simu kliniki aulize dozi. Wala asirundike sindano juu ya sindano kwa hofu, maana ya kwanza ingali ikifanya kazi, na sukari inaweza kuporomoka usiku. Akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa kasi na kwa kina, au pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Januari 11, 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, aitwaye Leonard Thompson, alichomwa insulini, na sukari yake haikushuka vya kutosha. Nani angesema amekula sana? Alikuwa amekonda kwa mlo wa kujinyima, ndiyo tiba ya siku zile. Kasoro ilikuwa kwenye dawa, haikuwa safi. Mwanakemia James Collip akaisafisha, kijana akachomwa tena Januari 23, na safari hiyo sukari ikashuka. Uhai wake uliokolewa na watu waliorudi kukagua kazi yao wenyewe.

Hapo sisi watumishi tuna la kujifunza. Tusimwambie mtu aache sindano kwa kuwa ameombewa, wala tusimhesabie imani haba anapoendelea kuchoma. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, anaweza kufa ndani ya siku chache. Hata anayetaka kufunga aende kwanza kliniki, nasi tumpe baraka zetu akishauriwa asifunge.

Juma hili, ukisikia sukari ya mwenzako imepanda, usimhoji. Mwambie, "Lete kichupa na kadi ya kliniki tuangalie pamoja," kisha kaa naye mpaka apime tena.

Tuombe: Ee Bwana, utuondolee haraka ya kuhukumu. Uwape nguvu ndugu zetu wanaojichoma sindano kila siku, uwape wauguzi subira, na utufanye sisi kuwa watu ambao mgonjwa haoni haya kuwaonyesha kipimo chake. Amina.