Namba ya kijani

"Kitanda kinadunda, mwanangu."

Ndivyo alivyoniambia bibi jirani yetu, hapa Dar es Salaam, usiku niliokwenda kwake na kompyuta mpakato na maikrofoni ya kupimia niliyoazima chuoni. Nyuma ya ukuta wa chumba chake pana baa. Nilikuwa naandika programu ya kupima kelele kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na nilihitaji mahali pa kuijaribu. Nilimwamkia, nikasimamisha maikrofoni karibu na mto wake, nikabonyeza kitufe. Baada ya dakika 15 programu ikatoa jibu: desibeli 36. Rangi nilikuwa nimezipanga mwenyewe, kijani kwa chochote kilicho chini ya 40. Namba ikawaka kijani.

Niliichapa taarifa na kuipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kama bibi alivyoniomba. Mwenye baa naye akapata nakala. Tangu siku hiyo, bibi akilalamika anajibiwa kwamba kijana wa chuo kikuu alishapima, hakuna kelele.

Swali ninalolibeba tangu wakati huo ni hili: je, mtu aliyesema kweli tupu anaweza kuwa amedhulumu? Kwa sababu 36 ilikuwa kweli. Niliikagua hesabu mara tatu. Kabla ya kupima nilikuwa nimekisawazisha chombo kwa kifaa kinachotoa desibeli 94 kwenye masafa ya hezi 1000, kama ilivyo desturi ya kazi hii, na kilisoma 94 sawasawa.

Tatizo lilikuwa kwenye jambo ambalo sikuwahi kulichagua kwa kulifikiria. Sikio la binadamu husikia sauti nzito kwa shida kuliko sauti za kati, hasa zinapokuwa ndogo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Laboratories huko Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha tofauti hiyo. Kutokana na michoro ya aina hiyo wahandisi wakatengeneza punguzo linaloitwa uzani A. Sauti ya hezi 1000 haipunguzwi kitu. Ya hezi 50, ambako ndiko ngoma nzito ya spika inakopiga, hupunguzwa desibeli 30. Uzani huu ulikusudiwa kwa sauti ndogo, lakini leo umeenea kwenye viwango na kanuni za nchi nyingi. Nami niliuweka kwenye programu kama chaguo la kwanza kwa sababu kila programu niliyoiona iliuweka.

Sasa ufikirie ukuta wa tofali. Ukuta huzuia sauti nyembamba vizuri, na nzito vibaya: kila masafa yakishuka nusu, kinga yake hupungua takribani desibeli 6. Kwa hiyo ukuta wa bibi uliyachuja maneno ya wimbo na gitaa, ukamwachia mdundo. Kisha programu yangu ikauchuja mdundo. Tukisaidiana hivyo, mimi na ukuta, hatukuacha kitu cha kulalamikiwa.

Nilipofungua tena rekodi ya usiku ule na kuipitisha kwenye uzani C, ambao haupunguzi sana sauti nzito, nilipata 65. Na usawazishaji niliojivunia haukuweza kunionya, kwa sababu hezi 1000 ndipo uzani wote unapokubaliana. Nilikuwa nimethibitisha uaminifu wa chombo mahali pasipo na ubishi.

Nilimweleza msimamizi wangu. Hakunipinga kwenye hesabu, ila aliniuliza swali ambalo bado linaniwasha. Ukichagua uzani baada ya kusikia malalamiko, alisema, huo si upimaji tena, ni uwakili. Kesho mwenye baa naye atakuja na uzani wake. Ana haki. Kipimo ambacho kila mtu anakikunja upande wake hakimlindi yeyote, na mnyonge ndiye atakayekosa wa kumkunjia. Hata pale baa kuna wahudumu wanaolisha watoto kwa mdundo ule ule.

Lakini hoja yake haikuniokoa. Ingekuwa na nguvu kama nisingechagua kitu hapo mwanzo. Nilichagua: kuonyesha namba moja, kuiandika kwa herufi kubwa, kuitia kijani. Kijani si desibeli. Ile ilikuwa hukumu, na niliitoa mezani chuoni, miezi kadhaa kabla sijakiona chumba cha bibi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliandika idadi ya kunguni wa kitanda kile kabla ya kuingia nyumbani.

Nimeibadilisha programu. Haichagui uzani kufuata malalamiko. Huonyesha namba zote mbili, A na C, kwa ukubwa ule ule, kwa kila anayepima. Zikiachana sana, huandika chini yake kwamba humu mna sauti nzito ambayo namba ya kwanza imeipunguza. Rangi nimezitoa.

Kisha nikapeleka taarifa ya pili. Mwenyekiti aliziangalia zote mbili kwa muda. "Sasa nishike ipi?" akauliza. Nikamwambia azishike zote, na akalale usiku mmoja kule. Alicheka, akaziweka kwenye faili.

Bibi siku hizi analala sebuleni. Nilimwonyesha ile 65 nikidhani atafurahi. Aliiangalia, akanirudishia karatasi.

"Na hii ilikuwepo usiku ule ule?"

"Ndiyo, bibi. Ilikuwepo."