Ukili Mmoja Haukaliwi

Leo nasema nawe unayeimba, unayeigiza, unayepiga ngoma, unayebeba kamera.

Umewahi kumtazama mama akitengeneza mkeka? Husuka ukili kwanza. Mrefu, mwembamba, wenye rangi za kupendeza. Lakini ukili peke yake haukaliwi. Lazima ushonwe na mwenzake. Na mwenzake tena. Taratibu, ukingo kwa ukingo.

Kipaji chako ni ukili. Uzuri wake siubishii. Ila kazi za sanaa huitana kwa midomo ya watu. Kila Februari, mjini Unguja, tamasha la Sauti za Busara huwakutanisha wasanii wa nchi nyingi. Mahali kama hapo wengi hukimbilia mameneja na waandaaji. Mimi nasema, anza na fundi mitambo. Mjue kwa jina. Fika mapema, sauti zinapopimwa. Msikilize anapokuelekeza. Mshukuru ukishuka jukwaani. Kesho atakuwa kwenye jukwaa jingine, na huko ataulizwa: nani anafanya kazi vizuri? Mpambaji naye ataulizwa. Dereva aliyebeba vyombo, naye ataulizwa. Watasema walichokiona.

Kazi ikikuzidi, mpe mwenzako. Ukiazima kipaza sauti, kirudishe. Na usimpigie mtu simu siku ya shida tu.

Leo, kabla hujaenda mazoezini, mtafute mmoja mliyewahi kufanya kazi pamoja. Msalimie. Muulize hali yake na ya nyumbani. Usimwombe kitu.