Deni la Pilau

Mume wangu alionja pilau ya kweli Kigoma, mwaka 1998, wakati vita vilipotuvusha Ziwa Tanganyika, na tangu turudi Kasongo hajaacha kuitaja. Wali mimi naujua. Mpunga ni wa kwetu tangu enzi ya Tippu Tip: daktari Hinde, aliyeingia mji huu na jeshi la kamanda Dhanis mwaka 1893, aliandika kwamba alipita ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Lakini wali wetu unakwenda na sombe, au na samaki wa mawese. Bizari, hiliki, vitunguu vinavyokaangwa mpaka viwe rangi ya kahawa, hayo ni mambo mengine, na siku za Maulidi na arusi masufuria makubwa yanasimamiwa na wanaume.

Basi Idi ilipokaribia niliona nimtafutie mume wangu mwalimu wa pilau. Nasikia kule Bangkok na Chiang Mai wageni wanalipia asubuhi moja ya kufundishwa kupika, na watu wanawanunulia wake na waume wao masomo hayo kama zawadi. Hapa hakuna mlango wa kugonga. Kuna fundi mmoja wa masufuria, mzee wa mtaa wa pili. Nilimwendea na kuku wawili na sukari. Akanitazama, akauliza: "Mama Zaina, ni yeye amekutuma, ao ni weye umechoka naye?"

Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko nilivyotaka. Somo si kitambaa. Ukimpa mtu kitambaa, umempa kitambaa. Ukimpa somo, huenda umemwambia kwamba kuna kitu amepungukiwa. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na zile fwaye sosiali, kama ile ya Usumbura iliyofunguliwa mwaka 1946, ambako wake za makarani walifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba. Wapo waliojifunza mengi na kufurahi, sikatai. Lakini aliyetoa somo alikuwa ameshaamua kwamba nyumba ya mwanafunzi haifai. Hiyo siiti zawadi, hata kama ilikuwa bure.

Mume wangu lakini alikuwa na njaa ya jambo hili kwa miaka. Hapo nikaona nina haki ya kumjibu fundi: hakunituma, ila amekuwa akiomba bila kujua kwamba anaomba.

Kisha nikaenda kwa shehe, maana mimi ni mtu wa kuuliza. Nilitaka kujua kama elimu inaweza kuwa hiba, ikiwa hiba inataka aliyepewa akubali na akabidhiwe. Elimu inakabidhiwa vipi? Shehe akanikumbusha hadithi ya Sahl bin Saad: yule mtu maskini aliyetaka kuoa, akatafuta hata pete ya chuma akakosa, Mtume akamwozesha kwa kile alichokihifadhi katika Qurani, amfundishe mkewe. Kama somo linafaa kuwa mahari, litashindwaje kuwa zawadi ya Idi?

Nilidhani tumemaliza. Kumbe shehe alikuwa amefungua Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho madhehebu yetu ya Shafii yanakitegemea kutoka Lamu mpaka huku. Akanisomea mlango wa nafaka ya mke, yaani matunzo yake. Mume anadaiwa chakula kwa kipimo, tajiri mudi mbili, maskini mudi moja, wa kati moja na nusu. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kusaga na kuoka pia ni juu yake. Kupika si wajibu wa mke. Akipika, ni ihsani yake. Wako wanaokataa: Ibn al-Qayyim alisema mke anahudumia kwa desturi, na wengi huleta habari ya Bibi Fatma, aliyeumizwa mikono na jiwe la kusagia, akaomba mtumishi, akafundishwa tasbihi badala yake. Mimi nikisoma habari hiyo naona kwanza mikono. Hakuna aliyemwambia kwamba haimuumi.

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Maana kama Nawawi amesema kweli, kila sahani niliyompakulia mume wangu tangu arusi ilikuwa hiba, na pilau atakayonipikia yeye si zawadi hata kidogo. Ni deni linalolipwa, tena kwa kuchelewa.

Majirani nao wana elimu yao. Mwanaume akionekana anapepeta mchele uani, mke amemlisha dawa. Nimesikia hayo kisimani, na aliyesema hakupunguza sauti. Siwajibu. Kuna jambo moja tu katika maneno yao ambalo nalichukua kwa uzito: wanajua kwamba jiko ni utawala. Mimi ndiye ninayejua chumvi iko wapi na nani amekula mara mbili. Kumpeleka mume kwa fundi ni kumgawia utawala huo, na sharti la hiba ni kutoa kilicho chako. Kuku wawili walikuwa malipo ya fundi. Hiba yenyewe ilikuwa hiyo nafasi mbele ya moto, na kusema kweli iliniuma kidogo siku alipohamisha kikopo changu cha viungo.

Pilau yake ya kwanza iliungua chini. Ya pili tuliila yote. Nilimsomea habari ya Minhaj akiwa anapakua, naye akasimama na upawa mkononi, akaanza kuhesabu miaka. "Sasa nadaiwa ngapi, Mama Zaina?" Nikamwambia atulie: hiba ikishapokelewa hairudishwi, na ya kwangu ameshaila yote. Ila nafaka ya wiki ijayo bado haijaanza kuhesabiwa, na mchele umebaki nusu gunia.