MOYO UKICHOMWA, MIGUU IENDE

Masomo: Matendo ya Mitume 2:37-41, Matendo 24:24-27, Luka 19:1-10



Siku ya Pentekoste mtume Petro alihubiri mbele ya umati wa watu. Neno likawaingia hata ndani ya moyo, likawauma kama mwiba. Hawakumsifu Petro ya kuwa anajua kuhubiri. Waliuliza swali moja tu: sasa tufanye nini? Na siku ile ile watu kama 3,000 wakabatizwa.

Miaka mingi baadaye, kule Kaisaria, liwali Feliksi alimwita Paulo aliyekuwa mfungwa wake. Paulo akasema juu ya haki, juu ya kujizuia, na juu ya hukumu inayokuja. Feliksi akaingiwa na hofu. Lakini alijibu nini? Alimwambia Paulo aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Miaka miwili ikapita. Alimwita tena mara nyingi, wakaongea, naye alikuwa anatazamia kupewa feza. Nafasi ya kutubu haikupatikana. Feliksi akaondoka katika kazi yake, akamwacha Paulo kifungoni.

Ndugu, angalieni vizuri. Watu wa Pentekoste walichomwa moyo, na Feliksi pia alichomwa moyo. Tofauti yao haikuwa katika moyo. Ilikuwa katika miguu. Wale walikwenda majini, huyu alibaki kwenye kiti chake.

Sisi watu wa Kindu tunajua kungojea treni ya kutoka Lubumbashi. Leo wanasema iko njiani, kesho wanasema imeharibika. Lakini treni, hata ikichelewa, siku moja inaingia. Ile "nafasi" ya Feliksi haina gari-moshi wala stesheni. Hakuna aliyewahi kuiona ikifika.

1. SAUTI YA ROHO NA SAUTI YA MSHITAKI

Wengine watauliza: tutajuaje kama ni Roho Mtakatifu anayetuchoma, au ni Shetani anayetusumbua?

Shetani anashitaki bila kuonyesha njia. Anasema: wewe ni takataka, Mungu amekuchoka, sala zako ni bure. Anakuacha gizani, huna la kufanya ila kulia. Roho Mtakatifu hafanyi hivyo. Yeye anaweka kidole mahali pamoja. Anasema: lile neno ulilomsemea jirani yako, kile kipimo cha mchele unachokipunguza sokoni, yule mama uliyezaa naye ukamwacha na mtoto. Anataja jambo, na pamoja na jambo anaonyesha mlango wa kutokea. Sauti ikikutajia jambo moja, ikakutuma kwa mtu mmoja, usiifukuze kwa jina la Shetani.

2. HATA NABII ALIKIMBIA KWANZA

Tusidhani ya kuwa watumishi wakubwa wa Mungu waliitikia mara moja. Papa Simon Kimbangu alisikia wito katika mwaka 1918, wakati ugonjwa mkubwa wa mafua ulipokuwa unaua watu katika nchi. Alijitetea kwamba yeye si mtu wa elimu kubwa, wengine watumwe. Sauti haikunyamaza. Akaenda mbali, mpaka Kinshasa, atafute kazi. Lakini je, mtu anaweza kuvuka pool au kupanda milima akauacha moyo wake nyuma? Alirudi kwao Nkamba. Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha jirani, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa aliyeitwa Nkiantondo, akamwekea mikono na kuomba, na yule mama akapona. Tangu mwaka 2023 tarehe hiyo ni siku ya mapumziko katika nchi yetu yote.

Na angalieni jambo la pili. Mwezi wa Juni 1921 askari wa serikali ya Wabeljiji walikuja kumkamata, akawaponyoka. Kwa muda wa miezi mitatu hawakumpata. Mwezi wa Septemba yeye mwenyewe alirudi Nkamba kwa miguu yake, akajitoa. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, walimhukumu afe. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Akakaa katika gereza la Elisabethville miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Mtu yule yule aliyekimbia sauti katika mwaka 1918 ndiye aliyetembea mwenyewe kwenda kwa askari katika mwaka 1921. Hii ni faraja kwetu. Kama umekimbia, bado unaweza kurudi. Lakini pia ni onyo. Kuitika kuna bei, na bei hiyo hailipwi kwa machozi.

3. MASHINI YA JIRANI

Sisi tunaoandika maneno haya ni shemasi, na hatutaki kuhubiri jambo ambalo halikutuuma wenyewe.

Vita ilipofika Kindu katika mwaka 1998, tulikuwa kijana wa miaka 18, shuleni sekondari. Jirani yetu alikuwa mshonaji. Siku ya kukimbia alileta mashini yake ya kushonea kwetu, akasema: "Mtoto wangu, unitunzie." Akavuka mto na watoto wake, akaingia porini. Njaa ilikuwa kali na masomo yalidai feza. Tukaiuza ile mashini. Jirani aliporudi, tulimwambia ya kuwa askari waliichukua. Aliamini, kwa sababu askari walichukua vitu vya watu wengi.

Tukamaliza masomo. Yeye hakushona tena. Alianza kusukuma kinga, amebeba magunia ya mchele na vidumu vya mafuta ya ngazi kwenye njia za matope, mpaka mgongo ukapinda. Tulikuwa tunapishana naye njiani. Alitusalimu, nasi tuliangalia chini.

Tulifanya nini na moyo uliochomwa? Tulilia katika maombi. Tulifunga. Siku ya nsinsani tulitoa feza nyingi, fanfari ikapigwa, watu wakatupigia makofi. Usiku moyo ukauliza: zile ni feza za nani? Kwa muda wa miaka 19 tulimpa Mungu kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokiomba.

Katika mwaka 2017 tulipanda mtumbwi, tukavuka mpaka Alunguli, alikohamia. Tulipiga magoti, tukasema yote. Ndugu, tungependa kuwaambia ya kuwa alitukumbatia. Hapana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Toka kwangu." Tulirudi mtoni tukiona haya mbele ya watoto waliokuwa wanatuangalia.

Hapo mjaribu alisema: umekwisha kuungama, inatosha. Lakini tulimkumbuka Zakayo. Yeye hakusema tu ya kuwa anasikitika. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Tukaanza kuweka feza kidogo kidogo. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulinunua mashini iliyokwisha kutumika, tukaifunga vizuri kwenye mtumbwi, tukavuka tena.

Mzee aliweka mkono juu ya gurudumu, akalizungusha polepole. Akasema: "Mguu huu wa kushoto unacheza. Utafute bulo." Hayo tu. Tulikwenda kutafuta bulo, tukarudi, tukaikaza mbele yake. Neno la msamaha hakulisema siku ile. Lakini alimwambia mke wake atuletee maji ya kunywa, na sasa mjukuu wake anashona kwa mashini ile. Usiku ule tulilala kama mtoto mchanga.

4. TUFANYE NINI?

Kwanza, taja jambo kwa jina lake. Usiseme "Bwana, mimi ni mwenye dhambi" kama unajua ni mashini.

Pili, nenda kwa mtu mwenyewe. Ukimkosea mtu wa Alunguli, usiungame katika chumba chako cha Mikelenge peke yake. Na usipige kelele mbele ya kanisa zima ili kumkwepa yeye. Kama aliyekosewa amekwisha kufa, nenda kwa mjane wake au watoto wake.

Tatu, rudisha kitu. Sadaka haifuniki deni la jirani. Mungu si mpokeaji wa vitu vya wizi.

Nne, usidai upokelewe vizuri. Wewe umechelewa miaka, naye ana haki ya kuchelewa siku chache.

Tano, fanya leo. Moyo ni kama mkono wa msukuma kinga: mwanzoni unatoka malengelenge, baadaye unaota sugu na hausikii tena. Ukiona neno lililokuliza mwaka jana halikulizi tena mwaka huu, wala hukulitii, usijipongeze ya kuwa umepata amani. Ogopa.

Ndugu wapenzi, sisi tunavua viatu tunapoingia mahali pa sala, kwa sababu ni patakatifu. Ni vizuri. Lakini sala ikiisha, sote tunainama mlangoni tunatafuta viatu vyetu na kuvivaa tena. Jumapili hii, ukiwa umeinama pale, jiulize: miguu hii inakwenda wapi sasa? Kuna nyumba moja ambayo Roho amekutajia kwa muda mrefu. Mtumbwi uko, mto haujajaa, na mwenye nyumba yuko hai.

Mungu atupe moyo unaosikia, na miguu inayotii. Amina.