JE, TUNAPOIMBA TUNASEMA KWELI?

 

Leo tunataka kuongea juu ya nyimbo zetu. Nyimbo za Injili zimeongezeka sana. Zamani mtu alinunua kaseti moja na familia nzima ikaisikiliza mwaka mzima. Leo kijana anapeleka memori kadi kwenye kibanda chenye spika, analipa pesa kidogo, anarudi na nyimbo za Kinshasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala mfukoni mwake. Jumapili inayofuata tunazisikia kanisani, kwaya ikiimba kwa pleibeki au mpiga kinanda akizifuata kwa masikio.

Pamoja na nyimbo hizo yamekuja maswali. Wazee wanasema sebene imeingia madhabahuni. Vijana wanajibu kwamba nyimbo za kitabu zinalaza watu. Akina mama wanauliza kwa nini mwimbaji anatunzwa noti katikati ya ibada, wakati jirani yake hana chumvi. Ni maswali mazuri, lakini tunaona kwamba liko swali jingine lililo kubwa kuliko hayo yote, na watu wachache wanaliuliza. Swali lenyewe ni hili: maneno tunayoimba mbele za Mungu, je, ni ya kweli?

Kwanza tuseme neno juu ya ngoma na sebene, ili tusikwame hapo. Ugomvi huu si mpya. Wamisionari wengi waliwakataza babu zetu kupiga ngoma kanisani, wakisema ni kitu cha kipagani. Lakini mwaka 1958 kwaya ya Kamina, kule Katanga, chini ya padri Guido Haazen, iliimba Misa nzima kwa ngoma na sauti za Kongo, na watu wa Ulaya wakaisikiliza kwa mshangao. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwafungulia Wakatoliki mlango wa muziki wa kienyeji. Nasi Waprotestanti tuna Tukutendereza. Maneno yake yalitokana na wimbo wa Kiingereza, yakawekwa katika Kiganda, na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaueneza wimbo huo Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi na hata kwetu Kongo. Basi, wimbo wa mgeni unaweza kuwa wetu, na ngoma iliyokatazwa jana inaweza kumsifu Mungu leo.

Katikati ya miaka ya 2000 watu wa Kenya walibishana hivyo hivyo juu ya wimbo wa Esther Wahome, Kuna Dawa, kwa sababu ulipigwa hata kwenye matatu na mahali pa starehe. Tanzania nao walibishana juu ya uchezaji wa Rose Muhando, na bado mwaka 2011 kampuni ya Sony Music iliingia mkataba naye. Tukitazama nyuma tunaona kwamba mapigo ya muziki hayakuliharibu kanisa, wala hayakuliokoa. Mwenye kucheza kwa adabu mbele za Bwana, na acheze. Daudi alicheza.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sikilizeni maneno ya nyimbo nyingi za siku hizi. Mwimbaji anasema machozi yake yamekwisha, milango imefunguka, baraka zimefika, mwaka huu ni wake. Ni maneno matamu. Lakini tuseme yuko mama mmoja kati yetu aliyemzika mtoto wake Jumatano. Jumapili anakuja kanisani. Kiongozi wa sifa na kuabudu anashika mikrofoni na kusema kila mtu aruke, na asiyeruka anampa Shetani nafasi. Mama huyu afanye nini? Akiruka, mwili wake unasema jambo ambalo moyo wake haulijui. Asiporuka, watu watasema imani yake ni ndogo. Tumemfungia njia zote mbili, na tumefanya hivyo kwa jina la Mungu anayependa kweli.

Wako watakaosema huo ni ujenzi wa imani. Sisi tunaona una hatari tatu.

Ya kwanza, mwenye huzuni anajifunza kwamba kanisa si mahali pake. Anaiacha huzuni yake mlangoni kama viatu vyenye matope, na akitoka anaikuta palepale. Mwandishi wa Mithali alilijua jambo hili. Katika Mithali 25:20 anasema kwamba kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni sawa na kumvua nguo siku ya baridi.

Ya pili, mtu anaanza kupima upendo wa Mungu kwa vitu. Ninyi wenyewe mnajua kwamba tangu mwaka 2020 mgawo wa chakula kwa wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa, kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Baba anayeimba kila wiki kwamba wingi umefika, halafu anarudi nyumbani na kuukuta mfuko mtupu, atafikiri nini? Atafikiri kwamba Mungu amewapa wengine na kumsahau yeye, au kwamba yeye ana dhambi iliyofichika. Ukweli ni kwamba chakula kilipunguzwa ofisini, mbali sana na hapa, wala hakikupunguzwa kwa sababu ya imani yake.

Ya tatu, watoto wetu wanajifunza kwamba kanisani watu husema yasiyo kweli. Mtoto hadanganyiki kirahisi. Amemwona mama akilia usiku, na asubuhi anamsikia akiimba kwamba hajui tena kulia.

Je, Biblia inatufundisha kuimba hivyo? Tuzihesabu Zaburi. Ni 150, na zaidi ya 50 kati yake ni za kulia na kuomboleza. Watu wa Mungu waliimba kwa kuuliza "mpaka lini?", wakaimba kwamba wamesahauliwa, wakaimba juu ya njaa, ugonjwa na usaliti wa rafiki. Zaburi nyingi za namna hiyo zinarudi kwenye tumaini mwishoni. Lakini Zaburi ya 88 hairudi. Inaanza kwa kilio na kuisha gizani, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha sifa. Mungu hakuikataa. Mtu yule alikuwa bado anaongea na Mungu, na hiyo ilikuwa ndiyo imani yake siku ile.

Ndugu mmoja atatupinga hapa, na neno lake lina nguvu. Atasema: "Mchungaji, imani huimba kabla ya kuona. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, milango ikafunguka. Kama tukingoja mambo yawe mazuri ndipo tuimbe ushindi, hatutaimba kamwe." Ni kweli. Wala hatusemi kwamba mtu aimbe tu lile analolisikia moyoni saa ile. Mtu anaweza kuimba ahadi ya Mungu akiwa hana nguvu, na ndugu zake wakambeba kwa sauti zao. Ndiyo sababu tunaimba pamoja.

Lakini kuna tofauti kati ya kuimba ahadi na kutoa taarifa. Mkimbizi anaposema "Bwana atanirudisha", anamshika Mungu kwa neno lake. Anaposema "nimekwisha kurudi, sina shida tena", anatoa taarifa isiyo kweli. Someni tena Matendo 16. Paulo na Sila waliomba na kumsifu Mungu, lakini miguu yao ilikuwa kwenye mkatale na mapigo yalikuwa mgongoni. Mstari wa 33 unatuambia kwamba usiku uleule mlinzi wa gereza aliwaosha majeraha yao. Majeraha yalikuwepo wakati wa wimbo, na yalikuwepo hata baada ya milango kufunguka. Walimsifu Mungu bila kuyaficha.

Kuna jambo jingine katika habari ile, nalo linatupeleka kwenye desturi ya pili ya nyimbo za siku hizi. Nyimbo nyingi sasa zinaongea juu ya adui. Adui ataaibika, adui ataanguka, walionicheka wataniona nikiinuliwa. Mahali penye amani labda maneno haya hayana madhara makubwa. Lakini kambini tunaishi nyumba kwa nyumba. Mmoja amekimbia kutoka Beni, mwingine Ituri, mwingine Rutshuru. Kuna watu ambao kwao kule vijiji vyao vilipigana, na hapa wanateka maji kwenye bomba moja. Mtu anapoimba "adui yangu" kwa spika kubwa, akilini mwake anaona sura ya nani? Na jirani anayesikia kupitia ukuta wa udongo anafikiri ni nani anayesemwa?

Mtume Paulo katika Waefeso 6:12 anasema vita vyetu si juu ya watu wa damu na nyama. Na usiku ule gerezani, mlinzi aliyewafunga alipotaka kujiua, Paulo alipaza sauti kumzuia. Kwa kipimo cha nyimbo zetu, ile ndiyo ingekuwa saa ya adui kuaibika. Paulo alimwokoa.

Mtu atauliza: "Basi hasira yetu tuipeleke wapi? Tulichomewa nyumba. Tuliuliwa watu." Hatusemi hasira hiyo ni bure. Zaburi ya 137 iliimbwa na wakimbizi kama sisi, waliokaa kando ya mito ya Babeli na kutundika vinubi vyao kwa sababu waliowateka walitaka wawachekeshe kwa nyimbo za Sayuni. Mwisho wa Zaburi hiyo una maneno ya kisasi yanayotisha, hata wahubiri wengi huyaruka. Hata hivyo ona yanasemwa wapi. Yanasemwa mbele za Mungu, katika maombolezo, na watu wasiojificha kwamba wameumizwa. Hasira iliyomwagwa mbele za Mungu iko mikononi mwa hakimu wa haki. Ile iliyovikwa wimbo wa furaha na kupigwa ili jirani asikie inazaa vita vingine.

Sasa tunataka kuwapa kipimo kimoja cha wimbo. Mwaka 2023 watu wa pande zote mbili za mpaka wetu walilia. Tarehe 15 Januari bomu lililipuka kanisani kwa ndugu zetu wa CEPAC huko Kasindi, wakati wa ibada ya ubatizo, na watu zaidi ya 10 wakafa. Tarehe 16 Juni, ng'ambo hii ya mto, shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Wenyeji wetu Wakonzo walilia kama Wanande walivyolia, na kwa lugha ambayo karibu ni moja. Basi kabla ya kuuimba wimbo, tujiulize: tungeweza kuuimba tukiwa tumeketi kwenye mkeka wa matanga ya wale watu? Si lazima uwe wimbo wa huzuni. Wimbo wa ufufuo unafaa sana pale. Wimbo unaosema Mungu yupo nasi unafaa. Ule wa kujisifu kwamba mimi nimepita na wengine wamebaki, haufai pale, na tunaona haufai hata Jumapili.

Kwa hiyo tunawashauri hivi, ninyi viongozi wa kwaya na vijana:

1. Kabla ya kufundisha wimbo mliotoa kwenye simu, someni maneno yake bila muziki, polepole, mbele ya mzee mmoja na mama mmoja. Maneno yasiyofaa bila kinanda hayatafaa na kinanda.

2. Kila Jumapili kuwe na nafasi ya wimbo mmoja au Zaburi moja ya maombolezo, kisha ndipo shangwe. Warumi 12:15 inatutaka tufurahi na wanaofurahi na tulie na wanaolia. Ibada yenye moja tu imefanya nusu ya kazi.

3. Mwenye kutaka kumtunza mwimbaji, aweke pesa yake kwenye kikapu cha wafiwa na wagonjwa. Mwimbaji wa kweli hatakasirika.

4. Tungeni nyimbo zenu wenyewe, kwa Kinande, Kikonzo, Kihema, Kinyarwanda na Kiswahili. Msifikiri kwamba nyimbo ni za watu wa mjini tu. Angela Chibalonza alitoka kwetu Kongo, akaimbia Kenya mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2007, na hadi leo nyimbo zake zinaimbwa katika makanisa ya Afrika Mashariki. Solomon Mukubwa naye alitoka Kongo. Mtu aliyehama ana jambo la kuliambia kanisa, kama akilisema kwa kweli.

Hatuwakatazi kuruka, wapendwa. Rukeni siku mliyopewa furaha, nasi tutaruka pamoja nanyi. Ila siku hiyo mtazameni aliyeketi benchi la nyuma na kichwa chake kimeinama. Msimvute mkono asimame. Mmoja wenu akakae karibu naye, na kwaya itafute wimbo ambao yeye pia anaweza kuitikia Amina bila kudanganya.

Bwana wa amani awalinde ninyi na watoto wenu, na wale tuliowaacha ng'ambo ya mto. Amina.