Ubovu Unaorudi

Kuna swali moja ambalo kila mwenye chombo cha zamani hulikuta siku moja. Chombo kiliharibika, fundi akakitengeneza, kikaenda vizuri. Juma moja likapita, na ubovu uleule ukarudi. Je, fundi alitengeneza nini? Na mwenye chombo akisema mbele ya watu, «Chombo changu ni kizima», asema kweli ama asema uwongo? Wengi wataona kwamba hayo ni mambo ya garaji tu. Mimi nasema ni mambo ya dhamiri pia, na sasa nitaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano mmoja, maana maneno matupu hayamsaidii mtu. Mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen katika mji wa Wolfsburg, kule Ujerumani, kilianza kuunda kamioneti yenye umbo la sanduku, motere yake ikikaa nyuma. Tangu mwaka 1951 kampuni iitwayo Westfalia ilitia ndani yake makabati na vitu vya kulalia, na hivi kamioneti ikawa motokari-nyumba: watu husafiri nayo, hula humo na hulala humo. Motere ya kamioneti zile za kwanza haipozwi kwa maji, bali kwa upepo unaosukumwa na feni. Kamioneti nyingi za namna hiyo zina umri wa miaka hamsini au sitini, zimepita katika mikono ya watu wengi, na hata leo watu wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa furaha. Furaha hiyo mara nyingi huishia kando ya barabara.

Ugonjwa wenyewe ndio huu. Asubuhi motere yawaka vizuri. Baada ya mwendo wa nusu saa, hasa penye jua kali au mlima mrefu, yakohoa, yapoteza nguvu, yazimika. Mwenyewe ashuka, afungua mlango wa nyuma, atazama, haoni kitu. Akingoja kitambo, motere yawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Kesho yake mambo ni yaleyale.

Sasa fikirini: dalili ni moja, lakini vyanzo vyaweza kuwa vingi. Nitataja vinne. Cha kwanza ni bobini, kile chombo kinachotia nguvu katika umeme wa cheche. Bobini iliyochakaa hufanya kazi ikiwa baridi, na ikipata moto hulegea, cheche ikafa. Cha pili ni esansi yenyewe: ikipashwa moto mno ndani ya bomba lililo karibu na motere, hugeuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke kama inavyovuta mafuta. Cha tatu ni kutu ndani ya tangi la zamani: esansi inapovutwa, takataka husogea na kuziba tundu la kutokea, motere ikizimika, takataka huanguka tena chini, njia ikafunguka. Cha nne ni kidogo kupita vyote. Katika matangi mengi ya zamani kifuniko kina kitundu cha kuingizia hewa. Kitundu hicho kikizibwa na vumbi, esansi hutoka bila hewa kuingia mahali pake, mwisho pampu yashindwa kuvuta. Wakati wa kungoja, hewa huingia pole pole, na motere yakubali tena.

Mtego ndio huu. Vyanzo hivi vyote vinne hutulia kwa kupumzika tu. Basi, mtu aliyesimama kando ya barabara hakai bure: asafisha buji, akaza waya, apuliza kaburatere. Motere ikiwaka, asema, «Kumbe zilikuwa buji!» Lakini hata kama angalikaa chini ya mti akila muhogo wake, motere ingaliwaka vilevile. Kazi yake ilitangulia, kupona kukafuata, naye akadhani kupona kumetokana na kazi yake. Wanafunzi wa mantiki hufundishwa mapema kujihadhari na kosa hilo: jambo lililokuja baada ya jingine si lazima liwe limeletwa nalo. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Hata hivyo si jogoo aliyelivuta jua.

Mwalimu Aristotle wa Uyunani alitofautisha kujua kwamba jambo liko na kujua kwa nini liko. Mwenye kamioneti yetu ajua kwamba motere huzimika. Hajui kwa nini. Na kama hajui kwa nini, hajui pia kwa nini imewaka tena. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu cha mantiki alichokitoa mwaka 1843, alieleza njia za kutafuta chanzo. Mojawapo ni hii: linganisha hali mbili zinazofanana kwa yote isipokuwa jambo moja, zikitofautiana katika matokeo, jambo lile moja lina sehemu katika kuyaleta. Kwa maneno ya garaji: usibadilishe vitu vitano siku moja. Ukibadilisha bobini, pampu, buji na mipira ya esansi kwa mara moja, na gari likapona, umelipa feza nyingi wala hukujifunza neno. Na gari lisipopona, hujui hata uanzie wapi.

Tena, mgonjwa hupimwa akiwa na homa. Motere ikizimika njiani, saa ile ile ndiyo saa ya kuuliza. Fungua kifuniko cha tangi: je, hewa yaingia kwa sauti, na motere yawaka mara? Shuku kitundu cha kifuniko. Tazama cheche: je, ipo ama haipo? Kama ipo na ina nguvu, bobini haina hatia, geukia esansi. Kama haipo, acha tangi kwanza. Andika saa, joto, mlima, na ulichokiona. Kazi hii yachosha, nayo haina sifa, maana aliyesimama karibu ataona umekaa tu unatazama. Lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo la ndani zaidi. Katika motere za namna hii zilizoundwa katika miaka ya 1960, silinda ya tatu ilizoea kuugua kuliko wenzake. Kilango chake cha kutolea moshi, ambacho mafundi hukiita supape, kiliungua. Fundi aliweka supape mpya, nayo baadaye ikaungua. Supape haikuwa na kosa. Chombo cha kupozea mafuta ya motere kilikuwa kimewekwa ndani ya njia ya upepo, mbele ya silinda ile. Hivi silinda ya tatu ilipata upepo uliokwisha kupata joto. Katika motere mpya zilizotoka kwa mwaka 1971, kiwanda chenyewe kilikihamisha chombo hicho na kukipa njia yake ya upepo. Basi, kilichoungua kilikuwa hapa, na chanzo kilikuwa pale. Anayetazama kilichoungua tu, atanunua supape mpaka azeeke.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, mimi nina safari, watoto wako ndani ya gari, mvua inakuja. Sina nafasi ya kutafuta vyanzo. Nikipata njia ya kuifikisha motere nyumbani, yanitosha.» Asema haki. Dawa ya njiani si dhambi. Kufunga mpira kwa kitambaa, kungoja motere ipoe, kubadilisha kitu kwa kubahatisha, yote hayo ni halali pale pasipo na hatari, mradi mtu ayaite kwa jina lake. Ubaya waanza pale dawa ya njiani inapoitwa uponyaji. Fundi anayesema «Imepona», naye ajua tu kwamba imewaka, auza neno asilo nalo. Na neno hilo laweza kuua. Kwenye kamioneti hizi za zamani mipira ya esansi hupita karibu na motere yenye moto. Mpira uliokauka hupasuka, esansi humwagika, na gari huwaka. Mwili wa motere hizo umetengenezwa kwa madini yenye magnesiamu ndani yake, ambayo yakishika moto ni shida kuzimwa. Harufu ya esansi iliyokuja ikaondoka, ikaja tena, si jambo la kusema «tutaona kesho».

Tufikie sasa jaribu kubwa kuliko yote: kuuza. Mtu amechoka na kamioneti yake. Aipaka rangi, aiosha, aiwasha asubuhi ikiwa baridi, nayo yanguruma vizuri mbele ya mnunuzi. Je, yampasa kusema? Swali hili ni la zamani sana. Cicero wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristu, aliandika juu ya wenye hekima wawili walioshindana katika jambo hili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Diogenes alisema kwamba mwuzaji akisha kutimiza yale ambayo sheria yataka, si lazima aseme mengine. Kunyamaza siyo kudanganya. Antipater alikataa: mwenye kuiacha nyumba mbovu inunuliwe na mtu asiyejua ni kama mtu anayemwona mwenzake amepotea njia, asimwonyeshe. Cicero alimkubali Antipater. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipambanua vizuri: ubovu unaoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mwuzaji halazimiki kuutangaza, mradi bei iwe ya haki; lakini ubovu uliofichika, unaoweza kuleta hatari au hasara kwa mnunuzi, lazima auseme. Motere inayozimika ikipata moto, na kuwaka ikiwa baridi, ni ubovu uliofichika kabisa.

Lakini mwuzaji atajitetea: «Mimi sijui ubovu uko wapi. Nitasema nini?» Hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Walimu wa maadili huutaja ujinga wa kusudi: mtu haulizi, ili asije akajua, na asipojua adhani yu huru. Ujinga wa namna hiyo haumwondolei mtu deni. Kama hajui chanzo, dalili aijua. Aseme basi: «Huzimika baada ya nusu saa, nimebadilisha bobini, haikusaidia, kifuniko cha tangi sijakitazama.» Maneno hayo machache yatapunguza bei, ni kweli. Lakini yampa mnunuzi kitu cha thamani: yampa mahali pa kuanzia. Mwuzaji anayenyamaza amwibia feza, na zaidi ya hizo amwibia kazi yote ya kutafuta iliyokwisha kufanywa.

Magari yaliyochoka ya Ulaya hufika mpaka kwetu Kongo, na hufika bila maneno hayo machache. Kila mmoja wetu anayenunua, anayetengeneza au anayeuza aweza kuyarudisha. Fundi na aseme, «Nimebadilisha hiki, chanzo bado sikijui.» Mwenye gari na akubali kumlipa fundi kwa saa ya kutazama, si kwa vyuma vipya tu, maana tukilipa vyuma peke yake, tusishangae tukiuziwa vyuma. Na mwuzaji na akumbuke mithali ya wazee: mficha maradhi, kifo humwumbua. Ubovu ukirudi mara ya pili, ndugu zangu, tusikasirike wala tusifiche. Tuandike saa, tutazame cheche, tufungue kifuniko cha tangi, na tuulize tena.