Tarehe 26 Walifanya Nini?

Desemba iliyopita vijana wa usharika waliomba tuangalie filamu pamoja badala ya semina. Tulitundika shuka jeupe ukutani mwa ukumbi, tukaazima projekta, nami nikachagua *Joyeux Noël*, filamu ya mwaka 2005 ya Mfaransa Christian Carion. Niliisimamisha mara kwa mara ili nieleze maneno yake kwa Kiswahili.

Filamu hiyo imejengwa juu ya jambo lililotokea kweli. Krismasi ya mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari waliokuwa wakipigana katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji waliacha kufyatuliana risasi bila ruhusa ya wakuu wao. Waliimba nyimbo za Krismasi, wakapeana tumbaku na chakula, wakazika maiti wao. Katika filamu, padri kutoka Scotland anaongoza ibada usiku, na maadui wanasali pamoja. Ukumbi wetu ulikuwa kimya. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kanga.

Taa zilipowashwa, mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Mchungaji, tarehe 26 walifanya nini?"

Nilimjibu kwamba sehemu nyingine utulivu ulidumu siku kadhaa, hata hadi Mwaka Mpya, kisha wakarudi kuuana. Vita iliendelea hadi 1918.

"Basi kuimba hakukuwasaidia," akasema, akachukua kofia yake.

Swali lile lilinifuata nyumbani. Tumezoea kuhubiri kwamba watu wakijuana watapatana. Lakini wale askari hawakuijua Krismasi kwa mara ya kwanza handakini. Wengi wao walikuwa wamebatizwa na kulelewa kanisani kabla ya vita. Huku kwetu nako, wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Machame tangu 1893, na Injili ilikuwa ikihubiriwa mlimani. Hata hivyo mwaka uleule wa 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, ng'ambo kidogo ya mpaka, na Machi 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Moshi. Wengi wa askari na wapagazi Waafrika, wa pande zote mbili, wangeweza kusalimiana kwa Kiswahili. Lugha moja haikuzuia vita, na imani moja haikuizuia.

Je, ile Krismasi ilikuwa bure? Sidhani. Pale ilipoadhimishwa, wafu walizikwa kwa heshima, na walio hai wakapata kuiona sura ya mtu waliyeambiwa wamuue. Wale askari walifanya lililokuwa ndani ya uwezo wao. Kuimaliza vita kulikuwa mikononi mwa wafalme, mawaziri na majenerali, ambao hawakuwa mle handakini.

Hapo ndipo filamu iliponigeukia mimi.

Sisi wa Kilimanjaro Krismasi ni ya kupanda nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, moshi hutoka kila jiko, mbuzi huchinjwa. Mimi na kaka yangu mkubwa, tangu baba afariki, tumekuwa tukigombania mpaka wa kihamba, hatua chache tu za migomba na kahawa. Kila tarehe 25 tulikumbatiana mlangoni pa kanisa, tukala sahani moja, tukapiga picha. Januari ikifika, tulitumiana maneno kwa kumpitia mama. Nami hiyo niliiita amani, nikapanda madhabahuni kuihubiri.

Haikuwa amani. Yalikuwa mapumziko ya vita. Tena sina udhuru wa wale askari, maana hakuna mkuu aliyeniamuru nirudi handakini. Katika vita ya kihamba mimi ndiye askari, na mimi ndiye jenerali.

Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anatufundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende kwanza wakapatane. Hakusema tungoje sikukuu.

Wazee wetu walipanda masale kuonyesha mpaka. Jani hilohilo la isale ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hapaswi kukataa. Mwezi Februari, siku ya kazi, nilikata jani moja pale pale mpakani, nikaenda nalo kwa kaka.

Alilitazama, akanitazama. "Umekuja kama mchungaji au kama mdogo wangu?"

"Kama mdogo wako."

Akalipokea. Tuliongea hadi giza likaingia, mara kwa hasira, mara kwa kicheko. Mpaka bado hatujaumaliza. Tumekubaliana kuwaita wazee wa ukoo. Lakini sasa namfuata mwenyewe kwake, wala mama habebi tena maneno yetu.

Ndugu msomaji, najua Krismasi ijayo utapanda nyumbani, utaimba na kumkumbatia yule unayemjua moyoni. Fanya hivyo kwa furaha. Ila ukiwa bado kanisani, jiulize swali la yule mzee: tarehe 26 utafanya nini?